Elimu ya takwimu ilivyofunguliwa: programu kwanza, mihadhara baadaye

Anayetaka kujifunza takwimu au ekonometriki leo bila kulipa ada anakuta hazina kubwa mtandaoni: mihadhara ya vyuo vikuu vyenye majina, vitabu kamili vya kupakua, programu za kukokotoa na data za nchi nyingi. Hazina hiyo husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza mwaka 2012, yalipoanzishwa majukwaa ya kozi za mtandaoni ya Coursera na edX na ikasemwa kwamba chuo kikuu sasa kimehamia kwenye skrini. Masimulizi hayo yanapindua mpangilio wa mambo, na upotoshaji huo una gharama, kwa sababu vyuo vinavyotaka kunufaika na elimu huria huishia kuiga kilichokuja mwisho na kuacha kilichotangulia. Mlango wa taaluma hii ulifunguliwa na programu huria na data zilizowekwa wazi, karibu miaka ishirini kabla ya kozi za video kushika kasi. Kwa hiyo nyenzo yoyote ya bure inafaa ipimwe kwa swali moja: je, inamwezesha mwanafunzi kurudia hesabu mwenyewe, hatua kwa hatua, hadi apate jibu lilelile au agundue kuwa jibu lililochapishwa lina kasoro?

Tangu mwanzo ekonometriki imekuwa taaluma ya kukokotoa. Jumuiya ya Ekonometriki iliundwa Cleveland, Marekani, Desemba 1930, na jarida lake, Econometrica, likaanza kutoka mwaka 1933 chini ya uhariri wa Mnorwe Ragnar Frisch. Nia ilikuwa kuunganisha nadharia ya uchumi, hisabati na takwimu ziwe kitu kimoja. Nadharia iliweza kusambaa kwa vitabu na majarida, lakini mazoezi hayakuweza. Njia ya miraba midogo zaidi, ambayo ndiyo msingi wa regresheni, huelezwa ubaoni kwa saa moja. Kuitumia kwenye data ya kaya elfu tatu kunahitaji mashine na programu. Programu hizo zilikuja zikiwa bidhaa. SPSS iliyoanza mwaka 1968, SAS ambayo kampuni yake iliundwa 1976, na Stata iliyotoka 1985, zote ziliishia kuuzwa kwa leseni. Mwanafunzi wa chuo kisicho na leseni aliweza kusoma kitabu kizima cha ekonometriki na kufaulu mtihani wa maandishi bila kukadiria mlinganyo hata mmoja kutoka kwenye data halisi. Hicho ndicho kilichokuwa kizuizi, na mhadhara usingeweza kukiondoa hata ukiwa mzuri namna gani.

Kizuizi hicho kilivunjwa na wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, waliokuwa wanatafuta programu ya kufundishia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman hawakuridhika na programu za takwimu zilizokuwapo kwa ajili ya maabara yao ya kompyuta za Macintosh. Mfano mzuri ulikuwapo: lugha ya S, ambayo John Chambers na wenzake walianza kuibuni Bell Labs mwaka 1976, ila toleo lake la kibiashara lilikuwa la kununua. Wakaandika lugha inayofanana nayo, wakaiita R, na mwaka 1993 wakaanza kuigawa. Hatua iliyoamua mambo ilikuja mwaka 1995. Kwa kushawishiwa na Martin Mächler wa Zürich, waliitoa R chini ya leseni ya umma ya GNU, inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza tena kwa masharti yaleyale. Mwaka 1997 likaundwa kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali la kuitunza, na hifadhi yake ya mtandaoni, CRAN, ikaanzishwa Vienna. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Leo hifadhi hiyo ina zaidi ya vifurushi 20,000 vya nyongeza, vingi vikiwa vimeandikwa na wahadhiri na wanafunzi ambao hawakuombwa na kampuni yoyote.

Ekonometriki ilipata pia programu yake mahususi. Allin Cottrell wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, alichukua msimbo ambao Ramu Ramanathan wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alikuwa ameuandika kusindikiza kitabu chake cha kiada, akaujenga upya ukawa Gretl, na baadaye Riccardo Lucchetti wa Ancona, Italia, akaungana naye. Gretl ina menyu za kubofya kwa anayeogopa kuandika amri, na inakuja na data za mazoezi za vitabu vya kiada. Muunganiko huo wa programu na data ndio uliozaa vitabu vya aina mpya. Christian Kleiber na Achim Zeileis walipochapisha kitabu chao cha ekonometriki kwa R mwaka 2008, waliambatanisha kifurushi kiitwacho AER chenye data zote za mifano. Florian Heiss alifuata mwaka 2016 na kitabu kinachosomeka bure mtandaoni, kinachorudia kwa R mifano ya kitabu maarufu cha Jeffrey Wooldridge. Rob Hyndman na George Athanasopoulos wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliweka wazi kitabu chao chote cha utabiri, pamoja na data na amri zake. Bruce Hansen wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliacha mswada wa kitabu chake cha ekonometriki upakuliwe bure kwa takriban miaka ishirini, hadi Princeton University Press ilipokichapisha mwaka 2022.

Nguvu ya mpangilio huu ilidhihirika mwaka 2013. Miaka mitatu kabla, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wenye heshima kubwa, walikuwa wamechapisha utafiti ulioonyesha kwamba nchi zenye deni la taifa linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa asilimia 0.1 chini ya sifuri. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliunukuu kutetea ubanaji wa matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa zoezi la darasa la ekonometriki: chagua utafiti uliochapishwa, urudie. Hesabu zake hazikulingana na za wakubwa hao. Alipowaomba jedwali lao la Excel, walimpa, akakuta fomula iliyoziacha nje nchi tano. Pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin alitoa matokeo mapya: wastani ulikuwa asilimia 2.2 juu ya sifuri. Tofauti hiyo ilitokana na kosa la fomula, data zilizoachwa na namna ya kukokotoa wastani. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la jedwali, ingawa waliendelea kushikilia kwamba deni kubwa huambatana na ukuaji mdogo. Herndon na walimu wake waliweka hadharani data pamoja na amri zao za R, hivyo msomaji yeyote mwenye kompyuta ya kawaida aliweza kuupima ubishi huo bila kuegemea sifa ya upande wowote.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer kuhusu dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya, ulichapishwa katika Econometrica mwaka 2004 na ukawa msingi wa kampeni za dawa za minyoo katika nchi nyingi. Waandishi waliwapa watafiti wengine data na programu zao za kukokotoa. Mwaka 2015 kundi la wataalamu wa London School of Hygiene and Tropical Medicine lilichapisha marudio ya hesabu hizo, likabainisha makosa kadhaa, na ukafuata mjadala mkali kuhusu uzito wa matokeo yaliyosalia. Wengine walibaki na imani kwamba dawa hizo zina faida kubwa, wengine wakapunguza imani yao. Kwa mwanafunzi wa takwimu mjadala huo ni darasa lenye thamani kubwa, maana anaweza kufungua data za watoto wa Busia na kufuata kila hatua ya mabishano mwenyewe.

Atakayepinga atasema kwamba programu ni ya wachache, na kwamba kozi za video ndizo zilizoufikia umma. Kuna ukweli ndani yake. MIT ilipotangaza mpango wake wa OpenCourseWare Aprili 2001, na ilipofikisha takriban kozi 1,800 mwaka 2007, iliwaonyesha walimu wa dunia nzima jinsi wenzao wanavyopanga somo. Salman Khan, kwa video zake za Khan Academy, amewasaidia mamilioni ya wanafunzi kuelewa wastani na mkengeuko sanifu. Sebastian Thrun na Peter Norvig walipotoa kozi yao ya akili bandia mwaka 2011, walijiandikisha watu wapatao 160,000. Lakini kujiandikisha si kujifunza. Uchambuzi wa kozi za edX za Harvard na MIT, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3 tu ya waliojiandikisha, na kwamba wanafunzi wengi walitoka nchi tajiri. Na inafaa kutazama kozi iliyofanikiwa ilivyojengwa. Mpango wa MIT wa data, uchumi na sera za maendeleo, ulioongozwa na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, una somo la uchambuzi wa data ambalo mazoezi yake hufanywa kwa R. Mihadhara inasikilizwa bure, ada ya mtihani hupangwa kulingana na kipato, na waliofaulu wamepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili MIT kwenyewe. Video zilifaa kwa sababu chini yake palikuwa na programu ambayo mwanafunzi wa nchi yoyote angeweza kuipakua.

Pingamizi la pili ni la ubora: kitu cha bure hakina wa kuwajibika. R yenyewe, kila inapofunguliwa, hutangaza kwamba haina dhamana yoyote. Hata hivyo, bei haikuwahi kuwa dhamana ya usahihi. Mwaka 1999 B. D. McCullough na H. D. Vinod walichapisha katika Journal of Economic Literature tathmini iliyoonyesha kwamba programu za ekonometriki zilizokuwa zikiuzwa zingeweza kutoa majibu tofauti kwa tatizo moja, na kwamba wachumi walizitumia bila kuzipima. Palipo na msimbo ulio wazi, kosa linaweza kutafutwa na yeyote na kurekebishwa hadharani. Wanaouliza nani analipa wana haki ya kuuliza, na jibu lipo. Ihaka, Cottrell, Hyndman na Hansen walikuwa na mishahara ya vyuo vikuu. OpenCourseWare ilianza kwa fedha za wakfu wa Hewlett na wa Mellon. Bure ya msomaji ni kazi iliyolipiwa na mwingine, mara nyingi fedha za umma, na ndiyo maana taifa lisilotenga muda wa wahadhiri wake kuandika litabaki kuwa msomaji wa kazi za wengine.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi kwetu: intaneti ni ghali na nyenzo ziko kwa Kiingereza. Mkongo wa SEACOM ulipofika pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 2009 ulipunguza adha, ila bando bado ni gharama kwa mwanafunzi, na video ndiyo inayolimaliza haraka. R, Gretl na kitabu cha PDF vikishapakuliwa mara moja hufanya kazi bila mtandao, hata kijijini. Kwa upande wa lugha, hoja inabaki na nguvu, na inaongezewa uzito na tatizo la mifano. Zoezi linalorudiwa sana katika vifurushi vya ekonometriki linahusu wilaya 420 za shule za California. Jingine linahusu mishahara ya Wamarekani 526 ya mwaka 1976. Mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu anajifunza kukadiria faida ya elimu kwenye soko la ajira ambalo hana namna ya kulikagua kwa macho yake, na hivyo anapoteza kinga muhimu ya mchambuzi, yaani uwezo wa kushtuka jibu linapokuwa halina mantiki.

Vinavyohitajika kuziba pengo hilo tunavyo tayari. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania imekuwa ikifuatilia kaya zilezile tangu mwaka 2008/09, zaidi ya kaya 3,000 katika awamu ya kwanza, na data zake hupatikana bila malipo kwa anayejisajili. Dar es Salaam ina Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa 1961, na Nairobi ina Muungano wa Utafiti wa Kiuchumi Afrika, AERC, uliopo tangu 1988. Kitabu cha mazoezi ya regresheni kwa Kiswahili, chenye data ya mavuno ya mahindi, ada za shule na bei za sokoni, pamoja na amri za R zilizoandikwa kwa ukamilifu, kinaweza kuandikwa na idara moja ya chuo kikuu na kutolewa chini ya leseni huria. Hakihitaji studio ya video, kibali cha kampuni wala ufadhili mkubwa. Kinahitaji chuo kimhesabie mhadhiri saa za kukiandika kuwa ni kazi, na kimpandishe cheo kwa kitabu hicho kama kinavyompandisha kwa makala ya jarida la nje. Uamuzi huo uko mikononi mwa mabaraza ya vyuo vyetu wenyewe, na inafaa waufanye sasa.