Bonde la Sindbadi na Jina la Mwadui

Aliyesoma Alfu Lela Ulela analijua Bonde la Almasi. Katika safari yake ya pili Sindbadi aliachwa kisiwani, akajifunga kwa kilemba mguuni mwa ndege Rukh, akatua penye almasi tele na nyoka wa kummeza tembo. Bonde lile halina mwenyewe. Linaitwa kwa mali yake tu. Sisi wa Maganzo, majirani wa mgodi wa almasi wa Mwadui, hatuko hivyo, na ndiyo sababu naandika historia hii. Ardhi yetu ilikuwa na jina kabla mtu hajaokota jiwe.

Wageni wakisikia Mwadui hudhani ni habari ya adui. Sivyo! Usukumani, mwa, ambayo wenyewe tunatamka ng'wa, ni kusema kwa fulani. Sikiliza majina ya mahali: Mwamashimba, Mwakitolyo. Wazee walionilea walisema Mwadui ni kwa mtu, mkubwa wa kaya aliyelima na kuchunga pale kwenye mibuyu. Nami nasimama na kauli yao.

Mwaka 1940 akafika John Williamson, Mkanada, msomi wa jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill, aliyekwisha hangaika miaka kadhaa Tanganyika akisaka chimbuko la almasi. Akalikuta: mwamba ambao uso wake ni hekta 146. Vitabu vinampa sifa zote. Vibarua wetu waliobeba changarawe na kuichekecha hawakuandikwa hata jina.

Nikatize hapa niseme ajabu moja. Katika hekaya, wafanyabiashara walitupa minofu bondeni, almasi zikanasa kwenye mafuta yake, tai wakaipandisha juu. Watu hucheka. Lakini migodini changarawe iliyooshwa ilipitishwa juu ya meza iliyopakwa grisi. Mawe mengine hulowa, yakateleza na maji. Almasi haikubali maji, hunasa. Mimi nasema mtunzi wa hekaya ile alizipata habari kwa mtu aliyewahi kuishika almasi kwa mkono wenye mafuta.

Turudi. Oktoba 1947 lilipatikana jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5. Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake. Likachongwa, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitia katikati ya bruchi ya ua. Duniani kote linaitwa almasi ya Williamson. Linaniuma hilo, kwa kuwa limetoka Mwadui, na jina hilo lilikuwapo.

Baadaye mgodini walikuja kampuni ya De Beers, serikali, kisha kampuni ya Petra. Maganzo yenyewe ilikuzwa na madalali, mama ntilie na wabeshi, wasaka almasi wanaochekecha mchanga mpaka giza liingie.

Williamson alifariki Januari 1958. Hakurudishwa Kanada. Alizikwa papo hapo Mwadui, kwa yule mzee wa mibuyuni.