Mashindano ya Konferensi: Yana Kazi Gani Tena?

Wadau wa kikapu, kila unapofika mwezi Machi kule Marekani swali huwa ni lile lile: haya mashindano ya konferensi za vyuo yana kazi gani tena? Timu imecheza miezi minne, imeshinda mechi 25, nafasi yake kwenye mashindano ya taifa ya NCAA iko mfukoni. Ya nini kuwachosha vijana siku tatu nne mfululizo? Naona wengi wanajibu bila kutazama historia. Leo naomba turudi nyuma kidogo.

Kwa asiyefahamu, vyuo vya Marekani havichezi ligi moja ya taifa. Vimegawanyika katika makundi yaitwayo konferensi, na kila moja ina ligi yake. Ligi ikiisha, timu hizo hizo huingia kwenye mtoano wa siku chache. Bingwa wa mtoano, si wa ligi, ndiye anayepewa tiketi ya moja kwa moja kwenda NCAA.

Konferensi ya ACC ilianzishwa mwaka 1953, na mwaka uliofuata ikafanya mtoano wake wa kwanza pale Raleigh, North Carolina. Wenyeji NC State waliifunga Wake Forest 82-80 katika muda wa nyongeza. Enzi hizo konferensi ilipeleka timu moja tu kwenye NCAA. Ukifungwa usiku mmoja, habari yako imekwisha.

Waulize South Carolina. Mwaka 1970 walishinda mechi zote 14 za ligi ya ACC. Kwenye fainali ya mtoano wakafungwa na NC State 42-39, baada ya vipindi viwili vya nyongeza. NCAA wakaisikia redioni. Mwaka 1971 wakajitoa ACC. Sababu zilikuwa kadhaa, ikiwemo mzozo juu ya viwango vya masomo vya kusajili wachezaji, lakini kidonda cha 1970 kilikuwa bado kibichi.

Halafu ikaja fainali ya Machi 1974 pale Greensboro. NC State ya David Thompson ilikuwa namba 1 nchini, Maryland ya kocha Lefty Driesell namba 4. NC State wakashinda 103-100 katika muda wa nyongeza, wakaendelea mpaka wakaing'oa UCLA na kutwaa ubingwa wa taifa. Maryland, moja ya timu bora kabisa nchini, ikabaki nyumbani. Mwaka uliofuata, 1975, NCAA ikapanuliwa hadi timu 32 na konferensi ikaruhusiwa kutoa zaidi ya timu moja. Mwaka 1985 zikawa 64.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kilichoupa mtoano ule utamu wake kilikuwa ukatili wake. Ukatili ulipoondolewa, wakubwa hawakuwa na cha kuogopa tena.

Mfano mzuri unatuhusu sisi Watanzania. Machi 2009, robo fainali ya Big East pale Madison Square Garden, New York: Connecticut, iliyokuwa na kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, dhidi ya Syracuse. Mechi ilikwenda vipindi sita vya nyongeza na kumalizika usiku wa manane umepita, Syracuse 127, Connecticut 117. Watu wanaizungumza mpaka leo. Lakini tazama kilichofuata: waliofungwa walipangwa namba 1 katika kundi lao la NCAA na kufika nusu fainali ya taifa. Walioshinda walitolewa wakiwa wamebaki 16. Sasa mechi ile iliamua nini? Kwa hesabu ya ubingwa wa taifa, karibu hakuna.

Je, tuyafute basi? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Umuhimu haukufa, ulihama. Mwaka 2025, kati ya timu 68 za NCAA, 31 zilipita kwa kutwaa ubingwa wa konferensi na 37 zilichaguliwa na kamati. Kamati huchagua zaidi kutoka konferensi kubwa. Kwenye konferensi ndogo nyingi sheria ya 1974 bado inafanya kazi: bingwa mmoja, basi.

Mwaka 2018 Vermont walikuwa mabingwa wa ligi ya America East, na fainali ya mtoano ikachezwa kwao. UMBC wakawafunga 65-62 kwa kikapu cha pointi tatu cha sekunde za mwisho. Siku chache baadaye UMBC hao hao wakaibwaga Virginia, timu iliyopangwa namba 1, kwa 74-54. Kwa upande wa wanaume, timu ya namba 16 haikuwahi kufanya hivyo kabla. Bila mtoano, dunia isingelijua jina la UMBC. Lakini Vermont nao, waliotangulia msimu mzima, walilipia furaha hiyo.

Ivy League walikataa biashara hii kwa miaka mingi. Bingwa wao wa ligi ndiye aliyekwenda NCAA. Mwaka 2017 nao wakakubali, wakiwa wa mwisho.

Na wakubwa? Mara moja moja mlango hufunguka. Mwaka 2024 NC State walimaliza msimu wa kawaida wakiwa wameshinda 17 na kupoteza 14. Wakashinda mechi tano ndani ya siku tano, fainali wakaifunga North Carolina 84-76, kisha wakafika nusu fainali ya taifa. Bila mtoano wangebaki nje.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ukitaka haki, mpe tiketi bingwa wa ligi. Ukitaka kila mchezaji aamke mwezi Machi akijua njia yake haijafungwa, acha mtoano uwepo. Mimi nachagua la pili, nikijua kuna kijana wa Vermont anayeulipia uchaguzi wangu.

Naomba kuwasilisha.