Somo la Historia: Rangi za Mji wa Unguja katika Picha za Wasafiri

Leo hatutasoma habari za vita na wafalme peke yake. Tutasoma picha. Naam, picha nayo husomwa kama barua isomwavyo, na asiyejua kuisoma aweza kudanganywa, kama vile asiyejua herufi anavyoweza kudanganywa na mtu anayemsomea barua yake.

Mji tuutakao ni Unguja, sehemu ile iitwayo Mji Mkongwe. Mwalimu wa darasa, kama unayo kadi ya posta ya zamani yenye picha ya mji huo, ipitishe mkononi mwa kila mtu. Kama huna, sikilizeni nitakavyoieleza. Bahari ni ya buluu. Nyumba ni nyeupe. Anga juu yake ni la rangi ya waridi, kana kwamba jua linakuchwa, ingawa vivuli chini ni vifupi kama vya adhuhuri. Mbele amesimama mwanamke mwenye nguo nyekundu. Nyuma ya kadi pana stempu na maneno machache ya salamu. Tangu mwisho wa miaka ya 1890 wasafiri walipeleka kadi kama hizo makwao, Ulaya na Bara Hindi, na jamaa zao wakadhani kuwa wameuona mji.

Basi, swali letu la kwanza: je, rangi zile ni rangi za Unguja?

Mara nyingi sivyo. Kazi ya kupiga picha ilitangazwa mjini Paris mwaka 1839, na kwa muda mrefu kamera haikutoa rangi. Ilitoa nyeusi, nyeupe na kijivujivu tu. Ndani ya kamera palitiwa bamba la kioo lililopakwa dawa yenye chumvi za fedha. Mwanga ukigusa dawa ile, dawa hugeuka. Lakini dawa ile ilikuwa na jicho la upande mmoja. Rangi ya buluu iliiona sana. Nyekundu haikuiona kabisa. Kwa hiyo anga la buluu hutoka jeupe tupu, bila wingu hata moja. Na kitu chekundu hutoka cheusi.

Fikirini maana yake. Bendera ya Sultani wa Unguja ilikuwa nyekundu tupu, mpaka Desemba 1963 ilipotiwa alama ya karafuu. Tazameni sasa picha za zamani za bandari: bendera ile inapepea nyeusi kama kaniki. Mtu asiyejua habari hii angeweza kuandika katika daftari lake kwamba Sultani alikuwa na bendera nyeusi, na angeapa kuwa ameiona kwa macho yake. Mabamba yenye kuiona rangi nyekundu yalianza kuuzwa mwaka 1906, na hata baada ya hapo wapiga picha wengi waliendelea na yale ya kale.

Jambo hilo hilo liliwapata watu. Ngozi ya Mwafrika ina wekundu ndani ya weusi wake, na wekundu ule dawa haikuuona. Uso ukatoka mweusi kuliko ulivyo, na mikunjo ya kicheko, au ya uchovu, ikapotea gizani. Kisha msafiri akaandika kwamba watu wa pwani wana nyuso zisizoonyesha neno. Mimi nasema kosa lilikuwa katika bamba.

Na ile rangi ya waridi ilitoka wapi? Ilitiwa baadaye. Wengine walipaka rangi juu ya picha kwa brashi. Kadi nyingi zilichapishwa Ulaya, hasa Ujerumani, ambako mafundi walizitia rangi mashineni, wengi wao wakiwa hawajapata kuiona Bahari ya Hindi. Fundi alijua kuwa mji uko nchi ya joto, basi akatia machweo. Nguo ya mwanamke aliitia nyekundu kwa sababu nyekundu huuza kadi. Mwaka 1907 ndugu wawili wa Ufaransa, jina lao Lumière, walianza kuuza mabamba yenye kutoa rangi za kweli. Waliyafanya kwa chembe ndogo sana za wanga wa viazi zilizotiwa rangi. Lakini mabamba hayo yalikuwa ghali, na filamu ya rangi iliyowafikia wasafiri wa kawaida, iitwayo Kodachrome, ilitoka mwaka 1935.

Sasa turudi nyuma kidogo tuone ni nani waliopiga picha hizo. Miongoni mwa watu wa mwanzo alikuwa nahodha Mfaransa, Charles Guillain, aliyezunguka pwani yetu kati ya 1846 na 1848. Mwaka 1860 Bwana Grant, mwenziwe Speke, alipiga picha Unguja kabla ya kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Nile. Hao walikuwa wapita njia. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, na meli za barua za Waingereza kuanza kuja Unguja mwaka 1872, wageni wakawa wengi, na biashara ya picha ikapata wenyewe. Mashuhuri kati yao walikuwa Wagoa, kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho, waliokuwa na vyumba vya kupigia picha mjini. Kwa hiyo tusidhani kwamba kila picha ya zamani ilipigwa na Mzungu. Mpiga picha mara nyingi alikuwa mkazi wa mji. Aliyenunua ndiye aliyekuwa mgeni. Na muuza duka hupanga bidhaa kwa kumtazama mnunuzi.

Mnunuzi alitaka nini? Alitaka utulivu, na mambo ya ajabu. Katika picha za mwanzo njia za Mji Mkongwe ni tupu, kana kwamba watu wamehama. Hawakuhama. Bamba lilihitaji kutazama kwa muda, na mtu aliyepita upesi hakushikwa, au alitoka kama moshi. Hamali mwenye mzigo wa karafuu, muuza maji, mtoto anayekimbia kwenda chuoni, wote walikuwapo na wote wamepotea. Aliyebaki ni yule aliyeambiwa asimame kimya. Ndiyo sababu nyuso zile ni kavu. Jaribuni wenyewe kutabasamu huku mmekaza shingo wala hamtikisiki, muone tabasamu litadumu kiasi gani.

Liko jambo lingine linalonichoma zaidi, nalo ni majina. Picha ya Tippu Tip ina jina lake. Picha za masultani zina majina yao. Lakini mwanamke aliyepigwa picha ili auzwe katika kadi aliandikiwa tu kwamba ni mrembo wa Unguja, au mwanamke wa Kiswahili, basi. Huyu alikuwa mtoto wa mtu. Alikuwa na jina aliloitwa mlangoni kwake kila asubuhi.

Mtazameni kwa makini nguo yake. Zamani za utumwa, mtumwa alivaa kaniki, au kipande cha merikani, kitambaa kilicholetwa na Wamarekani. Mwaka 1897 utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja. Wanahistoria wameeleza jinsi wanawake wengi waliotoka utumwani walivyoziacha kaniki, wakanunua kanga za rangi na kujifunika kama waungwana. Kwa mwanamke huyo rangi ilikuwa ushahidi kwamba hana bwana. Kamera ikaifanya ile rangi kuwa kijivu, na fundi wa Ulaya akaipaka nyingine aliyoipenda yeye. Basi mkiona kanga ya madoadoa katika picha ya miaka ile, msiseme ni pambo tu. Huenda mwenye kuivaa aliinunua kwa ujira wake wa kwanza.

Picha hizi, pamoja na udanganyifu wake, zatufaa sana tukizihoji vizuri. Chukueni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 mbele ya bahari. Katika picha za awali mnara unasimama peke yake mbele, mbali na jumba. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu ya asubuhi, manowari za Waingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani ili kumtoa Khalid bin Barghash. Haikupita saa nzima. Watu kama 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na mnara ule ukaharibika kiasi cha kutofaa tena. Jumba lilipotengenezwa mwaka 1897, mnara mpya wa saa uliunganishwa na jumba lenyewe. Kwa hiyo picha isiyo na tarehe aweza mtu kuipa umri wake: mnara uko mbali, ni kabla ya vita, mnara umeshikana na jumba, ni baada yake. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo pamoja na mnara ilianguka, watu wawili wakafa. Kumbe kadi zilizonunuliwa na wasafiri kwa furaha ya safari ni shahidi wa jinsi jumba lilivyokuwa.

Mwaka 1930 Bwana Ranchhod Oza alifungua Unguja duka la picha liitwalo Capital Art Studio. Humo waliingia watu wa mjini wenyewe, wakiwa wamevaa nguo walizozichagua, ili picha ikae ukutani kwao. Wekeni picha ya namna hiyo kando ya kadi ya posta. Mtu ni yuleyule wa pwani, lakini mmoja anatazamwa, na mwingine anajionyesha.

Kazi ya darasa. Kila mmoja alete picha moja ya zamani kutoka kwao, au mwalimu alete moja kwa wote. Andikeni majibu kwa sentensi zenu. Nani alilipia picha hii? Ni kitu gani ndani yake ambacho huenda kilikuwa chekundu? Watu waliomo ni akina nani, na ni nani nyumbani awezaye kukutajieni majina yao? Mkiyapata, yaandikeni nyuma kwa penseli laini, maana wino hupenya.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutasoma ramani ya mji. Kwaherini.