Kabila la Wabenzi

Katika Lisekese, wilayani Masasi, mtu awajua Wamakua, Wayao na Wamakonde. Na Wabenzi je? Hilo ni kabila lisilo na mji wala tambiko. Lilizaliwa vinywani mwa watu katika miaka ya 1960, kwa kutanguliza «wa» mbele ya jina la gari la wakubwa, Mercedes-Benz. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kufunga gazeti zima. Silabi moja haikufungika. Nchini China, maandishi ya intaneti yalipofutwa kwa jina la «maelewano», watu walisema yamepatwa na kaa wa mto, kwani maneno hayo mawili hukaribiana kwa sauti. Werevu, naam, lakini fumbo hilo lataka mfasiri. Wabenzi walifahamika hata kwa mtoto, na msemaji, kama angeulizwa na askari amemkusudia nani, angeweza kujibu kwamba ametaja gari.