Lifti na Ngazi: Historia ya Kupanda na Kushuka Maghorofani

Zamani ghorofa za juu hazikuwa na wapangaji wengi, kwa sababu wachache walikuwa tayari kupanda ngazi za ghorofa sita kila siku. Mwaka 1854, kwenye maonyesho jijini New York, Elisha Otis alipanda jukwaa lililoning'inia, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa liliserereka kidogo, breki aliyoibuni ikalinasa. Miaka mitatu baadaye, lifti yake ya kwanza ya abiria ilifungwa katika duka la Haughwout, lenye ghorofa tano tu.

Lifti ilifungua njia ya kujenga juu, ila ina gharama yake. Kila moja huhitaji shimo linalotoboa ghorofa zote inazopita. Jengo likizidi urefu, watu huongezeka na mashimo huongezeka, hadi ghorofa za chini zikakosa nafasi ya kupangisha.

Msanifu Minoru Yamasaki na wenzake walikabili tatizo hilo walipobuni minara miwili ya World Trade Center jijini New York, kila mmoja wenye ghorofa 110. Walifuata mfano wa treni za jiji hilo, za haraka na za kila kituo. Mtu wa ghorofa za juu alipanda lifti kubwa ya moja kwa moja hadi ghorofa ya 44 au ya 78, kisha akabadili na kupanda lifti ndogo ya sehemu ile. Kwa kuwa lifti ndogo zilipangwa moja juu ya nyingine katika shimo lilelile, nafasi kubwa iliokolewa. Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828, nayo ina vituo vya kubadilishia lifti.

Ngazi hazikufikiriwa kwa kina hicho. Kila mnara wa World Trade Center ulikuwa na ngazi tatu, zote katikati ya jengo. Tarehe 11 Septemba 2001, ndege iliyougonga mnara wa kaskazini ilizikata zote tatu, na hakuna aliyekuwa juu ya ghorofa ya 91 aliyenusurika. Katika mnara wa kusini, ngazi zilikuwa zimeachana zaidi pale ndege ya pili ilipopiga. Moja ilibaki ikipitika, na watu wachache wakaokoka kwayo.

Baada ya uchunguzi wa maafa hayo, kanuni za ujenzi za Marekani zilianza kudai ngazi ya ziada katika maghorofa marefu sana ya ofisi. Somo hilo lilinunuliwa kwa damu. Wasanifu wetu wanaochora minara mipya wapange kwanza njia za watu kutoka, ndipo wahangaikie sura ya nje.