Ernie Ladd, jamaa wa kazi mbili

Vijana wenzangu, ukiuliza hapa kambini nani anamjua The Rock, hata watoto wa darasa la kwanza watanyoosha mkono. Roman Reigns vilevile. Lakini wangapi wanajua kwamba wote wawili walianza kwenye mpira? Siyo huu wetu wa miguu. Ni ule mpira wa Kimarekani, mpira wenyewe una umbo la yai, wachezaji wanavaa helmeti na kugongana kama mafahali. The Rock aliucheza chuo kikuu cha Miami, Reigns aliucheza Georgia Tech. Ulipowakataa, wakaenda kwenye mieleka.

Leo nataka kuwaambia habari za mtu aliyepita njia hiyo miaka mingi kabla yao, na ambaye hakungoja mpira umkatae kwanza. Anaitwa Ernie Ladd.

Alizaliwa mwaka 1938 Rayville, jimbo la Louisiana, akakulia Orange, Texas. Huko ni kusini mwa Marekani, na miaka ile mtu mweusi alikuwa na shule yake, mlango wake wa kuingilia, na kiti chake nyuma ya basi. Ladd akasoma Grambling, chuo cha watu weusi chenye sifa kubwa ya mpira. Alikuwa mrefu kupita mita mbili, mzito karibu kilo 140, na bado alikuwa mwepesi wa miguu. Ndiyo maana wakamwita Big Cat, yaani Paka Mkubwa. Mwaka 1961 akachukuliwa na timu ya San Diego Chargers, kwenye ligi changa ya AFL. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuvunja ukuta wa wapinzani na kumfikia yule anayerusha mpira. Chargers walipochukua ubingwa wa msimu wa 1963 kwa kuwapiga Boston Patriots 51 kwa 10, Ladd alikuwa katikati ya ukuta wao.

Sasa sikilizeni sehemu ya pesa, maana hapa ndipo stori ilipo.

Zamani zile mchezaji hakuwa huru kama Mbappé wa leo. Ukishasaini na timu, wewe ni wa timu. Mkataba ukiisha, mwenye timu alikuwa na haki ya kukushikilia mwaka mmoja zaidi. Mshahara ni wao wanaopanga. Ukilalamika, unaambiwa mlango ule pale. Sisi tuliofanya kazi ya insentivu tunajua ladha ya mshahara ambao umepangwa na mtu mwingine kabla hujafika mezani. Wachezaji wengi waliuza magari au bima miezi ambayo ligi imesimama, ili nyumba iende.

Ladd akachagua mieleka. Alianza mapema kabisa, akiwa bado mchezaji: msimu wa mpira ukiisha anavua helmeti, anapanda ulingoni. Mieleka ya wakati huo haikuwa na kampuni moja kubwa kama WWE. Kila eneo la Marekani lilikuwa na promota wake, na mpiganaji alizunguka: miezi kadhaa hapa, watu wakikuchoka unahamia kwa promota mwingine. Malipo yalitegemea mapato ya mlangoni. Ukijaza ukumbi unakula vizuri. Ukumbi ukiwa mtupu, pole. Bima hakuna, pensheni hakuna. Siyo kwamba mapromota walikuwa watakatifu, hapana. Ila Ladd aliujua mvuto wake, na mwenyewe alisema mieleka ilimlipa vizuri kuliko mpira.

Mimi naona hiyo ndiyo iliyomfanya awe mgumu kutishwa. Angalieni Januari 1965. AFL ilipanga mechi ya mastaa wake ichezwe New Orleans. Sheria ya haki za kiraia ilikuwa imepitishwa Julai 1964, na mji ukaahidi kwamba kila mchezaji atapokelewa vizuri. Wachezaji weusi wakafika. Teksi zikawapita bila kusimama. Kwenye klabu za mtaa wa Bourbon wakafungiwa milango, na Ladd na wenzake walisimulia kwamba kwenye mlango mmoja walitolewa bastola. Basi wachezaji weusi 21 wakakaa kikao hotelini, wakakubaliana: hatuchezi. Wazungu kadhaa katika timu wakawaunga mkono. Kamishna wa ligi, Joe Foss, akahamisha mechi ikachezwa Houston tarehe 16 Januari. Mji mzima ulipoteza mechi kwa sababu ya watu 21 waliokataa kuvaa jezi, na Ladd alikuwa mmoja wa sauti kubwa kwenye kikao kile.

Mwaka huohuo yeye na mwenzake Earl Faison wakagoma kusaini mikataba mipya na Chargers. Wakacheza ule mwaka wao wa mwisho wa kushikiliwa, wakaondoka. Ladd akaenda Houston, kisha Kansas City, mpaka 1968. Goti lilikuwa limeharibika. Mchezaji mwingine hapo angeanza kuulizia kazi. Yeye alikuwa nayo tayari, miaka karibu saba.

Ulingoni akafanya jambo ambalo mimi binafsi linanichekesha na kunishangaza. Mapromota walipenda mpiganaji mweusi awe mtu mzuri, mwenye kutabasamu, mwenye kichwa kigumu cha kupigia watu (ubaguzi mwingine huo, wa kuchekesha watu). Ladd akachagua kuwa adui. Kwenye filamu zetu tunasema kuna stelingi na kuna adui. Yeye alikuwa adui, na alijivunia. Alijifunga plasta kwenye kidole gumba na kuwachoma wapinzani kooni refa akiangalia pembeni. Akishika maikrofoni anawatukana mabingwa wa kizungu kwenye televisheni, katika majimbo ambayo zamani hakuruhusiwa kukaa nao meza moja. Na msidhani ilikuwa mchezo tu. Mashabiki wa siku zile waliamini, na kulikuwa na maadui waliochomwa visu wakirudi chumbani. Watu walilipa kiingilio ili waone Ladd akipigwa. Pesa ile iliingia mfukoni mwake. Alipigana na André the Giant, akawawinda mabingwa kama Pedro Morales na Bob Backlund.

Baadaye akapanda hatua ambayo watu weusi wachache sana waliifikia: akawa mpangaji wa mapambano, yule anayeamua nani ashinde na nani apewe jina. Alifanya kazi na Bill Watts kwenye Mid-South, iliyoshika Louisiana na majimbo ya jirani. Huko ndiko Junkyard Dog, kijana mweusi ambaye naye alitoka kwenye mpira, alipogeuka kuwa stelingi mkubwa, akijaza watu Superdome. Superdome iko New Orleans. Ndiyo, mji uleule wa teksi. Na Ron Simmons, mwingine aliyetoka kwenye mpira, alipochukua ubingwa wa dunia wa WCW Baltimore mwaka 1992, njia ilikuwa imeshakanyagwa.

Ladd aliacha kupigana miaka ya 1980. Mwaka 1986, WrestleMania 2 ilipoweka wacheza mpira na wanamieleka kwenye ulingo mmoja huko Chicago, alikaa kwenye meza ya watangazaji. Nani mwingine angefaa? Mwaka 1995 WWF ikamwingiza kwenye ukumbi wake wa heshima. Chargers walishamwingiza kwenye wa kwao 1981.

Uzeeni akawa mhubiri. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans, maelfu ya watu walipelekwa Houston, wakalala juu ya vitanda vya kukunja ndani ya uwanja wa Astrodome. Marekani ikaanza kubishana kama ni sawa kuwaita wakimbizi, maana wengi walisema neno hilo ni tusi kwa raia. Ladd alikuwa na saratani tayari. Aliingia humo Astrodome, akakaa na wale watu wa New Orleans, akiwahubiria na kuwatia moyo. Alifariki tarehe 10 Machi 2007, akiwa na miaka 68.