Daktari wa Kwanza Alikuwa Mwenye Duka

Wasee, leo nataka tuongee historia ya Bungoma ambayo shuleni hatukufunzwa.

Mimi nimekulia Kitale. Huku juu kuna baridi, malaria huja kwa msimu. Ukiteremka Bungoma, iko mwaka mzima. Kwa kukhu wangu, mtoto akichemka usiku, kwanza mtu anatumwa dukani, hapo hapo kwa sukari na sabuni. Unasema "nipe ya malaria", unapewa tembe kulingana na pesa uko nazo.

Sasa sikia. 1998 serikali iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikaweka SP, ile wazazi wetu wanaita Fansidar. Sera imebadilika Nairobi, lakini mwenye duka kijijini nani atamwambia?

Watu wa afya wa wilaya ya Bungoma walipata akili poa. Walifunza wauzaji wa jumla 73, mara moja tu, wakawapa mabango ya kuonyesha dawa gani na dozi gani. Mwenye duka akija kuchukua mzigo, anarudi na bango. Baadaye watafiti wakatuma watu wajifanye wateja. Maduka yenye mabango, 32% yalitoa SP. Yasiyo nayo, 3%.

Hiyo ni mara kumi! Lakini piga hesabu vizuri: hata penye bango, maduka mawili kati ya matatu bado hayakutoa dawa iliyoidhinishwa.

Halafu 2004 SP nayo ikaachwa, malaria ilikuwa imeizoea pia. Ikaja AL, na hospitali za serikali zikaanza kuipata 2006. Dukani bei yake ilikuwa juu, hadi ruzuku ya 2010 ikaishusha. Yaani yule mwenye duka alifunzwa jibu, kisha swali likabadilishwa, na mfuko wa mteja ni ule ule.

Ndiyo maana mtu akisema "watu wa kijijini hawasikii", mimi nakataa. Walisikia. Ujumbe ndio ulibadilika kabla haujafika kwa wote. Leo tunaambiwa pima kwanza, ndio umeze dawa. Ni kweli kabisa, fanya hivyo. Lakini kama duka la karibu na kukhu halina kipimo, tumemwambia nini?

Kwenu homa ikishika mtu usiku, mnaanzia wapi?